Vitabu Viwili: Kusini mwa Maniema na Hesabu ya Waathirika wa Bomu la Atomiki

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema nchini Kongo, hazikutoa urani ya Hiroshima. Naanza na hilo kwa sababu kila Agosti ikifika, wasomi wetu wakizungumzia bomu, hakosi mtu wa kusema kwamba mawe yale yalikuwa yetu. Na husema hivyo ama kwa fahari ama kwa majuto. Mawe yalitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi huko Katanga, mamia ya kilomita kusini mwa Lualaba yetu. Mtu wa Maniema anayejitwalia historia ya Katanga huiacha njiani historia iliyo yake kweli. Vita vile vile vilivyoishia Hiroshima na Nagasaki vilifika vijijini mwetu kwa sura ya kazi ya lazima. Ninachodai katika makala haya ni kwamba madhara ya bomu kwa binadamu hayawezi kuelezwa barabara kabla hatujauliza nani aliandikwa na nani hakuandikwa.

Ya Shinkolobwe yanajulikana kiasi. Mgodi uligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikauchimba kwa ajili ya radiamu iliyouzwa ghali kwa hospitali. Urani yenyewe ilikuwa karibu na takataka. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, maji yakajaa. Barua ya Einstein kwa Roosevelt, ya tarehe 2 Agosti 1939, iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chimbuko kuu la urani duniani. Mwaka uliofuata mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hadi New York, yakahifadhiwa ghalani Staten Island, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Baadaye mgodi ukafunguliwa upya. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu ilitoka hapo. Sengier alivishwa nishani ya Marekani mwaka 1946. Waliochambua mawe hayo kwa mikono hawakuambiwa yalikuwa ya nini.

Sasa Maniema. Februari 1942 Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani, na Machi ikafuata Java. Kwa mapigo hayo mawili Uingereza na Marekani zilipoteza mpira na bati ya Asia ya kusini-mashariki. Ubelgiji wenyewe ulikuwa chini ya Wajerumani tangu Mei 1940. Serikali yake iliyokimbilia London haikuwa na mali ya kuchangia vitani iliyozidi Kongo. Mwaka huo huo wa 1942 siku za kazi ya lazima kwa mwanakijiji zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Bati ilichimbwa Kalima na Punia, kaskazini yetu, lakini mchimbaji lazima ale, na chakula chake kilitoka kwa mkulima. Kilimo cha kushurutishwa hakikuwa kigeni huku: Nyangwe, wilayani Kasongo, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa pamba ilipojaribiwa Kongo, wakati wa Vita vya Kwanza. Vita vya Pili vilipokuja, mzigo mpya uliwekwa juu ya mzigo wa zamani.

Katika misitu ya Kongo mzigo huo mpya ulikuwa mpira. Mwanamume aliacha shamba lake, akaingia porini kutafuta mibungo, akaikata na kukinga utomvu wake mweupe, akalala chini ya majani siku kadhaa, huku nyumbani mke akilima peke yake. Siku ya mzani kapita, msimamizi wa kijiji, alisimama kando, karani akaandika kilo. Aliyepungukiwa alijua kinachomngoja: faini, jela, au kiboko. Mwanzoni mwa 1944 uasi ulilipuka Masisi na Lubutu ukiongozwa na Bushiri, mfuasi wa vuguvugu la kidini la Kitawala, na ukazimwa kwa nguvu. Lubutu leo imo katika jimbo letu. Hivyo ushindi wa Japani kule Malaya ulimtia msituni mtu asiyewahi kusikia jina la Malaya. Na vita hivyo vikaja kufungwa kwa mawe yaliyochimbwa na Mkongo mwenzake, dhidi ya miji ambayo naye hakuijua.

Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Nagasaki, iliyopigwa siku tatu baadaye, wapatao 70,000. Wengine waliugua miaka mingi baadaye: saratani ya damu, saratani nyingine, watoto waliozaliwa na vichwa vidogo kwa sababu mama zao walipatwa na mionzi wakiwa wajawazito. Baada ya madai ya muda mrefu ya waathirika wenyewe, ambao mwaka 1956 waliunda shirika la Nihon Hidankyo, Japani ilipitisha mwaka 1957 sheria ya matibabu yao. Kila aliyekubaliwa alipewa kitabu kidogo. Kitabu hicho kilimtaka mtu aeleze alikuwa wapi saa ile; kama hakuwapo, aliingia lini, maana aliyekanyaga ndani ya kilomita mbili za kitovu cha mlipuko katika majuma mawili ya kwanza naye alihesabiwa. Mashahidi waliulizwa. Mtoto aliyekuwa tumboni alihesabiwa pia. Ni kitabu kinachomweka mtu mmoja mahali pamoja, saa fulani, na kutoka hapo kumpa haki.

Hata hivyo si wote waliokipata. Siku ile Hiroshima walikuwamo Wakorea makumi ya maelfu, watu wa koloni la Japani, wengi wao wakiwa wameletwa kufanya kazi. Walionusurika na kurudi kwao walikataliwa. Mmoja wao, Son Jin-doo, aliingia Japani bila kibali akitafuta matibabu, akafungwa, akaishitaki serikali, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Japani ikaamua kwamba anastahili kitabu. Kesi hii naiona kuwa na uzito mkubwa kwetu kuliko hesabu zote za tani na kilo. Inaonyesha kwamba mionzi haikumbagua Mkorea, ila ofisi ilimbagua. Na kwamba mtawaliwa aliweza kuuawa na vita vya watawala wake bila kuingia katika daftari la waliouawa.

Mkongo naye alikuwa na kitabu, kile cha utambulisho alichotakiwa kutembea nacho. Ndani yake kuna jina, chifu, kijiji, kodi iliyolipwa. Kilimwonyesha Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni, mtu huyu ni wa kutafutwa wapi. Kifua kilichoanza kuuma baada ya miaka ya vumbi la mgodini hakikuwa na ukurasa humo, wala mtoto aliyekufa msimu ambao baba alikuwa porini. Koloni lilipima mpira hadi kilo ya mwisho, na ustadi huo wa kupima ndio unaoniumiza: hawakushindwa kuhesabu, walichagua cha kuhesabu.

Nitapingwa kwamba kumweka mkata mibungo wa Maniema karibu na mtoto aliyeungua Nagasaki ni kumkosea heshima mtoto yule. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito wake. Maumivu hayo hayalingani, na sidai yalingane. Sitamwita mtu wa Kabambare mwathirika wa bomu. Ninachokikataa ni desturi ya kuianzisha hadithi saa mbili na robo asubuhi, kana kwamba bomu halikuchimbwa na mtu, na vita vyake havikulishwa na mtu. Mchimbaji wa Shinkolobwe ana dai lililo karibu zaidi, kwa kuwa aligusa jiwe lenyewe. Na dai lake bado li hai: shimo lilifungwa wakati wa uhuru, lakini vijana walirudi kuchimba kobalti, na Julai 2004, miezi michache baada ya serikali kupiga marufuku, ardhi iliporomoka na kuua watu.

Kwa watafiti wa Kasongo na Kabambare, kazi iliyo karibu ni kuwafuata wazee waliokuwa watoto miaka ile, kisha kulinganisha maneno yao na vitabu vya ubatizo vya misioni na kumbukumbu za familia za Kiislamu ambazo bado huyataja majina ya marehemu wao kwenye hitima. Haihitaji mashine ya kupima mionzi. Inahitaji daftari, Kiswahili cha nyumbani, na maswali mafupi: jina la baba, kijiji, kapita alikuwa nani, alikaa porini siku ngapi, alirudi akiwa na hali gani, na nani alimwona. Ni maswali ya aina ile ile aliyoulizwa mtu wa Hiroshima alipofika ofisini kuomba kitabu chake.