Mchua Misuli Anatoa Nini Hasa?

Kama umewahi kucheza mpira wa mchangani, au hata kukaa tu karibu na benchi, mchua misuli unamjua. Ni yule mwenye mkoba begani, chupa ya maji, barafu kwenye mfuko wa nailoni, na dawa ya kuchua ambayo harufu yake inafika kwa watazamaji. Mchezaji akianguka, yeye ndiye anayekimbia. Mechi ikiisha anakulaza kwenye nyasi, anashika kigimbi chako na kuanza kukanda. Ukimuuliza anafanya nini, mara nyingi jibu ni hili: "Natoa asidi."

Jibu hilo nimelisikia tangu nikiwa sekondari. Baadaye nikalisikia jimu, na mimi mwenyewe nikawa nalirudia kwa wenzangu kama vile nimelisomea. Nilianza kulitilia shaka kwa sababu ya mguu wa mtu mwingine.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, beki wetu mmoja alitua vibaya baada ya kuruka kichwa. Kifundo cha mguu kikavimba palepale. Tulimbeba hadi bwenini, na kwa jioni mbili mfululizo akachuliwa kwa mafuta ya moto. Alipolia, aliambiwa avumilie, maana asidi imeganda na lazima itoke. Mimi ndiye niliyemshika mabega asijitingishe. Siku ya tatu alikwenda kupigwa eksirei, na ikaonekana mfupa wa upande wa nje umevunjika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa na maelezo mabaya tu, na tuliyaamini sote.

Sasa maelezo hayo yalitoka wapi? Hebu tuyafuatilie.

Mikono ilitangulia

Kuchua ni kukongwe kuliko maelezo yake. Galen, daktari maarufu wa kale, alianza kazi ya kutibu wapiganaji wa uwanjani mjini Pergamon, katika Uturuki ya leo, mwaka 157. Baadaye aliandika kwa kirefu kuhusu kusugua mwili: kusugua kwa nguvu, kwa wastani na kwa upole, na kila namna ilikuwa na kazi yake. Huku kwetu pia, mafuta ya nazi na ya nyonyo yalikuwa kazini kabla hatujawa na kliniki. Mtu akiteguka, akina bibi walijua wapi pa kushika.

Mabadiliko yalikuja karne ya 19, kuchua kulipoanza kutafuta kiti miongoni mwa fani za tiba. Mwaka 1813, Per Henrik Ling, mwalimu wa mchezo wa vitara nchini Sweden, alifungua chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm. Mholanzi Johann Georg Mezger aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1868, na mada yake itakufurahisha: kutibu kifundo cha mguu kilichoteguka kwa kukisugua. Yaani jambo lile lile linalofanyika pembeni ya uwanja kila Jumapili.

Lakini heshima haikuja kirahisi. Mwaka 1894 kulizuka kashfa mjini London. Jarida la madaktari liliandika kwamba baadhi ya nyumba za kuchua zilikuwa madanguro yaliyojificha nyuma ya jina la tiba. Mwaka huohuo wanawake wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo kihalali walianzisha chama chao, wakaweka mitihani na masharti ya kazi. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha shinikizo walilokuwa nalo. Mtu anayetiliwa shaka kila siku anahitaji jibu lenye uzito wa maabara. "Mgonjwa anajisikia vizuri" halitoshi. Na wakati huohuo maabara zilikuwa zinapika jibu.

Uchovu unakuwa sumu

Mwaka 1891 Mtaliano Angelo Mosso alitoa kitabu kuhusu uchovu. Alikuwa ametengeneza kifaa cha kupima kazi ya kidole kimoja: unakivuta kizito mara kwa mara hadi kidole kinagoma, na mchoro unaonyesha nguvu ikishuka. Alieleza pia jaribio la kuchukua damu ya mbwa aliyechoka na kumwekea mbwa mwingine aliyepumzika. Huyo wa pili naye akaonyesha dalili za uchovu. Fundisho lililotoka hapo lilikuwa rahisi kubeba: uchovu ni sumu inayozunguka mwilini.

Sumu ipi basi? Mwaka 1907, Walter Fletcher na Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge walichapisha kazi yao juu ya misuli ya chura. Waliichukua nje ya mwili, wakaishtua kwa umeme hadi ikachoka, wakapima. Asidi ya laktiki ilikuwa imejaa. Msuli ulipopewa oksijeni, asidi ikapungua.

Asidi yenyewe unaijua. Ni ile inayoutia mtindi uchachu. Carl Wilhelm Scheele aliigundua katika maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na jina lake linatokana na neno la Kilatini la maziwa. Wakimbiaji wa Kikalenjin wanaokunywa mursik wanaimeza kila siku bila wasiwasi wowote.

Halafu Archibald Hill na Otto Meyerhof wakapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi juu ya joto, oksijeni na asidi hiyohiyo ndani ya msuli. Hapo basi jambo likaonekana limekwisha. Msuli ukifanya kazi kuliko oksijeni inayoufikia, asidi inajaa. Asidi inachoma. Kwa hiyo maumivu ni asidi. Kwa hiyo anayeondoa maumivu anaondoa asidi.

Unaona mahali tuliporuka? Chura aliyekuwa mezani hakuwa na mzunguko wa damu. Msuli wake ulikuwa kama chumba kisicho na mlango: kilichotengenezwa ndani kilibaki ndani. Wewe una moyo unaosukuma damu usiku na mchana. Ukimaliza kukimbia, kiwango cha asidi hiyo hurudi karibu na kawaida ndani ya saa moja hivi. Sehemu kubwa huchomwa na misuli mingine na moyo kama nishati, na nyingine ini huigeuza tena kuwa sukari. Miaka ya 1980 George Brooks wa California alilieleza jambo hili vizuri: laktati ni mafuta yanayosafirishwa kutoka seli moja hadi nyingine. Tulikuwa tumeita uchafu kitu ambacho mwili unakitumia kama chakula.

Maumivu ya kesho yake

Sasa fikiria yale maumivu ya kesho yake, yanayokufanya ushuke ngazi kwa kushikilia ukuta. Asidi imeondoka tangu jana jioni. Kinachouma ni nini?

Cha kushangaza, jibu lilikuwa limeshakaribiwa kabla hata ya wale vyura. Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough, akitumia kifaa cha aina ya kile cha Mosso, aliona kwamba kuna maumivu mawili tofauti. La kwanza huja wakati wa kazi na kuondoka. La pili huja saa nyingi baadaye, na yeye alidhani linatokana na kuchanika kudogo ndani ya msuli.

Ushahidi ulikuja baadaye sana. Mwaka 1981 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa watu walioshushwa ngazi mara nyingi hadi wakaumwa. Walichukua vipande vidogo vya misuli yao na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Kuta ndogo zinazoshikanisha nyuzi za msuli zilikuwa zimevurugika. Mwaka 1983 likafuata jaribio la Marekani ambalo naliona zuri kwa urahisi wake. Kundi moja lilikimbia kwenye mashine iliyo tambarare, jingine likakimbia kuteremka mlima. Waliokimbia tambarare asidi yao ilipanda, lakini hawakuumwa siku zilizofuata. Walioteremka asidi yao haikupanda, na ndio walioumwa.

Kama asidi ndiyo mkosaji, hapo ina ushahidi kwamba haikuwepo eneo la tukio.

Basi tuache kuchua?

Hapana, subiri kidogo. Maelezo kuwa na makosa hakumaanishi mikono haina faida.

Tuanze na kile isichofanya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, walipima moja kwa moja. Watu walikaza kiganja kwa nguvu hadi misuli ya mkono ikachoka, kisha wakachuliwa. Kila mkono wa mchuaji ulipobana, damu ilipungua kupita, na asidi ikatoka polepole kuliko kwa aliyepumzika tu. Yaani mchua misuli wetu, akisema anatoa asidi, kwa dakika hizo huenda anaizuia mlangoni.

Mwaka 2012 wenzao wa Chuo Kikuu cha McMaster waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakawachua mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha mwingine, kisha wakachukua vipande vya misuli ya miguu yote miwili. Asidi ilikuwa sawasawa. Ila mguu uliochuliwa ulionyesha dalili ndogo zaidi za ule mwako unaofuata msuli ukiumia. Ni watu 11 tu, usijenge nyumba juu yao, lakini ni dokezo la maana.

Kisha kuna mishipa ya fahamu. Ukigonga kiwiko kwenye meza unafanya nini? Unasugua. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Taarifa za kuguswa na kubanwa zikifika kwa wingi, lango linazipunguza taarifa za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo. Nadharia hiyo imerekebishwa mara kadhaa, lakini wazo lake kuu limebaki: maumivu hayapimwi msulini peke yake, mfumo mzima wa fahamu unashiriki.

Na matokeo ya jumla? Mwaka 2020 watafiti wa Sheffield walikusanya tafiti 29 zenye washiriki 1,012. Kuchuliwa hakukuongeza kasi, nguvu, mruko wala stamina. Kulipunguza kidogo maumivu ya kesho yake na kukaongeza kidogo unyumbufu. Kidogo, lakini kweli. Kwa mtu mwenye mechi nyingine baada ya siku mbili, kidogo hicho si haba.

Turudi kwa beki wetu

Unaweza kuniuliza: kama kuchua kunasaidia, kuna ubaya gani mtu akiamini anatoa asidi?

Kwa miguu iliyochoka, hakuna ubaya mkubwa. Shida ni kwamba maelezo ndiyo yanayomwambia mtu lini aanze na lini aache. Ukiamini maumivu ni uchafu uliokwama, basi kila maumivu yanadai kukamuliwa, na yakizidi, unakamua zaidi. Maelezo hayo hayana nafasi ya mfupa uliovunjika. Mwenzetu alipopiga kelele, kelele zile zilikuwa taarifa sahihi kabisa kutoka kwenye mguu wake. Sisi tulizisikia kama ushahidi kwamba tiba inafanya kazi.

Na kanuni ya kutusaidia ilikuwepo tayari. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha vigezo rahisi vya kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo. Kwa lugha ya uwanjani: kama mtu mzima ana maumivu kwenye kifundo, na hawezi kutembea hatua nne, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa unaochomoza, upande wa nje au wa ndani, anaumia palepale kwenye mfupa, mpeleke hospitali. Kuna vigezo vingine kwa mifupa ya katikati ya mguu, lakini hivyo viwili vingetutosha siku ile. Beki wetu hakuweza kupiga hata hatua moja.

Kuna jingine la kukumbuka. Kigimbi cha upande mmoja kikivimba na kuuma bila sababu, hasa baada ya kukaa kitandani siku nyingi au kufungwa plasta, usimruhusu mtu akikande. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na hiyo ni kazi ya daktari.

Kwa hiyo siku nyingine ukilazwa kwenye nyasi baada ya mechi na ukaambiwa, "Natoa asidi," usibishane na mzee wa watu. Mshukuru, maana mikono yake inafanya kazi, ingawa si ile anayoitaja. Lakini akimwendea mwenzako aliyevimba kifundo, mwambie, "Mzee, samahani, tumwombe kwanza atembee hatua nne." Mimi wakati ule sikuijua sentensi hiyo. Beki wetu alipona, ila msimu ule wote aliutazama akiwa amekaa pembeni, mguu juu ya kiti.