Tales from the Crypt: Kutoka Mbele ya Seneti Hadi Kwenye Runinga

Tarehe 21 Aprili 1954, jijini New York, mchapishaji William Gaines aliketi mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa vijana. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada la moja ya majarida yake ya katuni: mwanamume ameshika shoka mkono mmoja, na wa pili unaning'iniza kwa nywele kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Je, picha hii ina staha? Gaines akajibu kuwa kwa jalada la hadithi za kutisha, ndiyo. Kesho yake mahojiano hayo yakawa kwenye ukurasa wa mbele wa New York Times.

Anayetaka kuielewa Tales from the Crypt, tamthilia iliyorushwa na HBO kuanzia 1989 hadi 1996, aanzie hapo.

Gaines alikuwa akisomea ualimu wa kemia baba yake alipofariki katika ajali ya boti mwaka 1947, akamwachia kampuni ya EC iliyokuwa na madeni na iliyochapa, pamoja na mengine, hadithi za Biblia kwa picha. Mwaka 1950 yeye na mhariri Al Feldstein waliigeukia hofu. Visa vyao vilikuwa vya kurasa chache tu, na vingi vilishika kanuni moja: mchimba kisima huingia mwenyewe. Msimamizi anayewatesa vipofu waliowekwa chini ya uangalizi wake anaishia kupapasa kwenye ujia mwembamba ambao kuta zake zimepachikwa nyembe, naye hana taa. Kisa hicho kinatisha kweli, lakini kinatisha kwa sababu kinatoa hukumu.

Waliomshutumu hawakuliona hilo. Daktari wa akili Fredric Wertham aliandika kitabu akidai katuni zinawaharibu watoto, na wazazi wakamsadiki. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kupitia majalada ya Wertham, alionyesha kuwa daktari huyo alikuwa amepotosha ushahidi wake mwenyewe. Zilikuwa zimepita karibu miaka 60. Wachapishaji walijiundia kanuni za kujidhibiti mwaka ule ule wa 1954, zikapiga marufuku maiti wanaotembea, mazimwi wanyonya damu, hata neno “hofu” kwenye jina la jarida. Mwanzoni mwa 1955 jarida la EC la Tales from the Crypt, lililoipa tamthilia jina lake, lilikuwa limekufa. Baadaye wasimamizi wa kanuni hizo walitaka kuzuia kisa kingine cha EC kwa sababu mwanaanga wake, anayevua kofia katika picha ya mwisho, ni mtu mweusi. Gaines alikataa kubadili, akakichapa kama kilivyo. Kwangu mimi, tukio hilo linaeleza vizuri zaidi ni nani hasa aliyekuwa akilinda maadili.

Waingereza walitoa filamu yenye jina la Tales from the Crypt mwaka 1972. Hata hivyo, ilibidi ije televisheni ya kulipia, isiyotegemea matangazo wala kuogopa wadhamini, ndipo visa hivi vikapata nafasi yao kamili. Richard Donner, Walter Hill na Robert Zemeckis, waongozaji wakubwa wa Hollywood, walikuwa miongoni mwa watayarishaji, na Juni 1989 kila mmoja alifungua mfululizo kwa kisa chake. Msimulizi alikuwa Crypt Keeper, kikaragosi cha maiti kilichotengenezwa na Kevin Yagher na kupewa sauti ya kukwaruza na John Kassir. Alikaribisha watazamaji kwa kicheko na mizaha ya makaburini, kisha akawaachia ukatili.

Kisa cha Zemeckis ndicho ninachokirudia zaidi. Mkesha wa Krismasi mwanamke anamuua mumewe, na kabla hajaificha maiti, mwendawazimu aliyetoroka akiwa amevaa kama Baba Krismasi anafika nyumbani. Ataombaje msaada huku maiti ingalipo? Zemeckis anaikaza kamba hiyo polepole, mpaka binti mdogo wa nyumba, akifurahi kumwona mgeni aliyemngoja, anamfungulia.

Vipindi vilifika 93, na si vyote vilivyo sawa kwa ubora. Msimu wa saba ulihamia Uingereza, na nguvu ikapungua waziwazi. Jaribio la mwongozaji M. Night Shyamalan la kuifufua tamthilia kupitia kituo cha TNT, lililotangazwa mwaka 2016, lilikwama kwenye hakimiliki. Gaines alifariki Juni 1992, akiwa ameiona misimu mitatu ya mwanzo, ambayo ndiyo ninayomshauri mtazamaji mpya aanze nayo.

Asiache “Yellow” ya mwaka 1991, isiyo na mzuka hata mmoja. Ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jenerali, aliyeigizwa na Kirk Douglas, anasimamia adhabu ya kifo ya mwanawe mwoga, aliyeigizwa na mwanawe halisi, Eric. Usiku anamhakikishia kijana kuwa bunduki zitakuwa na risasi bandia, aende tu kifua mbele. Kijana anaamini. Asubuhi anatembea kishujaa hadi mbele ya wapiga risasi, na askari wote wanamwona jenerali amezaa mwanamume.