Ndizi ilivyochukua ujiko wa bure: stori ya ugonjwa uliotesa watoto na mkate uliojificha

Unaambiwa kulikuwa na watoto wanakula na bado wanakonda. Tumbo limejaa, miguu kama njiti, kuharisha hakuishi. Leo ugonjwa huo unaitwa siliaki. Mtu akila gluteni, iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wake mwenyewe, chakula kinapita bila kufyonzwa. Kitambo hicho hakuna aliyejua hilo.

Mwaka 1888 daktari mmoja wa London aliandika kwamba kama tiba ipo, basi itatoka kwenye msosi. Hapo alipatia. Ila mkate aliuruhusu, ilimradi ukatwe mwembamba na uokwe pande zote mbili! Anasimulia pia mtoto aliyelishwa kome kutoka Uholanzi kila siku akanawiri. Msimu wa kome ulipoisha akaanguka tena, na msimu uliofuata dogo akagoma kabisa kuwala. Nani atamlaumu?

Ikaja 1924. Daktari wa New York akatoa ripoti ya watoto 10. Wanane aliwapa ndizi mbivu kwa wingi, hakuna mkate, hakuna viazi, wakapata nafuu. Wawili ambao hawakupewa walifariki. Wazazi waliokuwa wamekata tamaa wakaona muujiza, na ndizi ikawa staa kwa miaka mingi. Hakuna aliyeuliza kilichoondolewa kwenye sahani.

Aliyeuliza alikuwa daktari wa watoto kule The Hague, Uholanzi. Inasemekana mama mmoja ndiye aliyemshtua: mwanangu nikimnyima mkate anakuwa sawa. Jamaa akaanza kuondoa ngano, na mwaka 1941 akaandika kuhusu lishe hiyo.

Halafu vita. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Wajerumani walizuia chakula kisiingie magharibi mwa Uholanzi. Watu walikula hadi vitunguu vya maua ya tulip, na takriban 20,000 walikufa. Mkate ukapotea, na watoto wa siliaki wakaonekana kuendelea vizuri katikati ya njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Wengi husimulia kana kwamba njaa ndiyo iliyompa daktari wazo, kumbe alikuwa nalo tayari. Mwaka 1950 akatetea utafiti wake Utrecht, na baadaye yeye na wenzake wakaibana gluteni yenyewe.

Kwa hiyo mwenye siliaki akiwa Dar au Nairobi, ugali wa mahindi, wali na muhogo ni ruksa. Chapati, maandazi na tambi, kwaheri. Hata chipsi zikipita kwenye mafuta yaliyokaanga maandazi, tayari ni balaa. Dawa ya kumeza haipo, ni kuishi hivyo maisha yote.

Hapo ndipo ujiko wa ndizi ulipoleta madhara. Yule daktari wa New York aliendelea kuipigania, akiamini inaponya kabisa. Mama akiambiwa mwanae kapona, anamkatia tena kipande cha mkate. Utumbo unaanza kuharibika upya, mara nyingine kimyakimya, tumbo haliumi hata kidogo, na mtoto anakua mtu mzima akijua alishapona zamani.