Kutoka Chuma cha Ugweno hadi Nembo ya Taifa: Alama za Mamlaka katika Milima ya Upare

Mamlaka ya kale kabisa yanayokumbukwa katika Milima ya Upare yalitokana na chuma. Ugweno, pembe ya kaskazini inayotazamana na Kilimanjaro na Ziwa Jipe, ilikuwa na mchanga mweusi wenye madini ya chuma, uliokusanywa kwenye vijito. Wahunzi waliuyeyusha kwa makaa na mivukuto, kisha wakafua majembe, mashoka, mikuki na visu. Wachaga, ambao ardhi yao ya volkano haikuwapa madini hayo, walikitegemea chuma cha Upare kwa muda mrefu.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilichapishwa mwaka 1969, alikusanya simulizi za wazee zinazoeleza kwamba ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliotawala Ugweno hapo mwanzo. Baadaye Wasuya, wakiongozwa na Angovi, waliwapindua na kusimika utawala wao. Washana walipoteza kiti lakini hawakupoteza nyundo. Waliendelea kufua chuma, wakaheshimiwa na kuogopwa. Upande wa kusini, Wambaga walijulikana kwa uganga wa mvua, na heshima yao ilitokana na kazi hiyo. Katika mifano yote miwili, mtu alitambua mamlaka kwa kitu chenyewe: zana iliyolima shamba lake, au mvua iliyolinywesha.

Ulaya ilikuwa imefuata njia nyingine. Katika karne ya 12, wapiganaji waliofunikwa nyuso kwa kofia za chuma walianza kupaka ngao zao rangi na michoro ili watambulike vitani. Michoro hiyo ikawa mali ya familia, ikarithiwa, ikapita kwenye miji, makanisa na serikali. Pamoja nayo zilikua kanuni. Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, huhesabiwa kuwa madini. Nyekundu, buluu, nyeusi na kijani ni rangi. Kitu chenye rangi huwekwa juu ya madini, na cha madini juu ya rangi, ili kionekane kwa mbali. Martin Luther naye alikuwa na nembo iliyokamilika mwaka 1530: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, juu ya waridi jeupe, kwenye uwanja wa buluu uliozungushiwa pete ya dhahabu. Waridi hilo hutumiwa na Walutheri sehemu nyingi duniani, na Ulutheri uliletwa Upare ya kaskazini na wamisionari wa Leipzig walioanzisha kituo cha Shigatini.

Serikali za kikoloni zilileta alama za wanyama. Sarafu za rupia zilizotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 zilikuwa na picha ya Kaisari Wilhelm II upande mmoja, na simba pamoja na mti wa jamii ya mnazi upande wa pili. Mwaka 1914 Berlin ilipendekeza ngao rasmi kwa makoloni yake, na ile ya Afrika Mashariki ilipewa kichwa cha simba. Vita vikazuka, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Waingereza nao waliichagulia Tanganyika kichwa cha twiga, kikawekwa kwenye bendera na kwenye stempu za posta za miaka ya 1920.

Simba na twiga ni wanyama wa nyika zinazoizunguka milima, ikiwemo Mkomazi, lakini katika alama hizo hapakuwa na mtu wala kazi ya mtu. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo kupinga kodi ya mbiru. Walikuwa wakulima na wafugaji wakidai kusikilizwa na serikali ambayo haikuwa na alama yoyote inayowahusu.

Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulileta nembo ya namna nyingine. Ngao yake ni ya mpiganaji wa Kiafrika, na imegawanywa sehemu nne. Juu kabisa, kwenye dhahabu inayowakilisha madini ya nchi, unawaka Mwenge wa Uhuru. Inafuata bendera: ile ya Tanganyika mwanzoni, kisha ya Jamhuri ya Muungano baada ya mwaka 1964. Chini yake, kwenye nyekundu ya ardhi yenye rutuba, jembe na shoka vimepishana. Mwisho ni mawimbi ya buluu na meupe ya bahari na maziwa. Mkuki wa kulinda uhuru umesimama katikati. Ngao imewekwa juu ya Kilimanjaro, na inashikiliwa na mwanamume na mwanamke waliozungukwa na pembe za ndovu, mikarafuu na pamba zikiwa miguuni pao. Utepe umeandikwa Uhuru na Umoja.

Muundo huo umefuata desturi ya Ulaya: ngao, wabeba ngao, ardhi ya kusimamia na utepe wa maneno. Maudhui ndiyo yaliyobadilika. Ngao ya Kenya inashikiliwa na simba wawili, na ya Uganda na swala pamoja na korongo mwenye kishungi. Ya Tanzania inashikiliwa na watu, na ndiyo maana wengi huiita Bibi na Bwana. Kwa Mpare, jembe, shoka na mkuki vilivyomo ndani yake ni vitu vilivyofuliwa Ugweno vizazi vingi kabla ya kuchorwa.

Mchoraji wa nembo hiyo amekuwa suala la mjadala. Mwaka 2017 vyombo vya habari vilimtangaza Francis Kanyasu Maige, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyesema kwamba ndiye aliyeichora. Alifariki Mei mwaka huo katika Hospitali ya Muhimbili. Wengine wamemtaja Jeremiah Wisdom Kabati wa Mwanza. Mjadala huo ulionyesha jinsi taifa linavyoweza kuitumia kazi ya msanii kila siku bila kumtambua.

Katika usanifu, nembo hutumika nzima au kwa vipande. Noti huibeba nzima. Christopher Ironside, aliyesanifu sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, alichukua Mwenge peke yake, akauweka mkononi mwa mtu kwenye shilingi moja. Pale ambapo hakuna wino wa rangi, kama kwenye mihuri, wachoraji wana mfumo uliosambazwa na padri Silvester Petra Sancta mwaka 1638: vitone ni dhahabu, mistari ya wima ni nyekundu, na ya mlalo ni buluu.

Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inazuia kuitumia nembo hiyo kibiashara bila idhini, kwa hiyo fundi wa mabango au mshonaji wa sare hawezi kuinakili apendavyo. Jembe, mlima, mkuki na ngao vyenyewe ni mali ya wote. Anayebuni nembo ya shule au ya chama cha wakulima huko Same au Mwanga anaweza kuvichota kutoka historia ya milima yake, mradi afuate masharti yaleyale ya kale: vitu viwe vichache, rangi zitofautiane vya kutosha kuonekana kwa mbali, na kila kilichochorwa kiwe na maana ambayo wenye nembo wanaweza kuieleza.