Kutoka Kitanda cha Hospitali Hadi Bwawa la Heidelberg

Ikiwa sufuria iko jikoni, ipunguzie moto uketi kidogo, maana leo nina hadithi ya kweli. Ni habari za mwanamume wa India aitwaye Murlikant Petkar. Huenda hujawahi kumsikia. Hata kwao wengi walikuwa wamemsahau, mpaka ilipotoka filamu ya maisha yake mwaka 2024, iitwayo Chandu Champion.

Petkar alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Peth, wilaya ya Sangli, jimbo la Maharashtra. Aliingia jeshini akiwa kijana mdogo, na humo akawa bondia. Mwaka 1964 alipelekwa Tokyo, Japani, kwa mashindano ya wanajeshi. Kwa hivyo ujue tunazungumza juu ya mtu aliyekuwa na miguu myepesi sana.

Mwaka 1965 India na Pakistan zilipigana kwa ajili ya Kashmir. Petkar alipigwa risasi kadhaa, na moja ikakwama karibu na uti wa mgongo. Alipona, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini miguu haikuwa na nguvu tena. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi.

Hapa tusimame kidogo, mama, kwa sababu hapa ndipo watu wengi husema, "Basi, huyo amekwisha."

Ndani ya uti wa mgongo hupita mishipa inayounganisha ubongo na mwili. Ikiharibika, amri haifiki miguuni, na maumivu ya miguuni hayafiki kwenye ubongo. Wewe ukilalia upande mmoja ukachoka, unageuka hata ukiwa usingizini. Mgonjwa huyu hageuki, kwa maana hahisi kitu. Ngozi inabanwa, inakosa damu, inakufa, na kidonda kinachimba hadi kwenye mfupa. Kibofu nacho hakimwambii kwamba kimejaa. Mkojo unabaki, viini vinazaana na kupanda mpaka kwenye figo. Zamani wengi walioumia hivi walikufa kwa vidonda na kwa mkojo, wala si kwa jeraha lenyewe.

Aliyesaidia sana kubadilisha jambo hilo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939. Mwaka 1944 alipewa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Na waliogeuza ni akina nani? Wauguzi na wasaidizi wao! (Niruhusu nijivunie kidogo.) Ngozi zilipopona, akawatoa vitandani wakacheze. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua yakawa Paralimpiki.

Sasa turudi kwa Petkar. Alilazwa katika hospitali ya wanamaji ya Asvini, mjini Bombay, ambao siku hizi ni Mumbai. Huko akashauriwa aogelee. Hakuambiwa habari za medali. Yalikuwa matibabu tu. Maji hubeba uzito wa mwili, kwa hivyo mtu asiyeweza kusimama anaweza kusogea humo kwa mikono yake mwenyewe, na kifua na mabega yakapata nguvu. Bondia yule mikono alikuwa nayo bado.

Mwaka 1968 alikwenda Tel Aviv, Israeli, akacheza tenisi ya meza. Kisha ukaja mwaka 1972. Michezo ilitarajiwa kufanyika Munich, lakini nyumba za wanamichezo huko zilikuwa zigeuzwe makazi ya watu, ikahamishiwa Heidelberg, mji mwingine wa Ujerumani Magharibi. Kenya yetu ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka huo huo.

Petkar aliogelea mita 50 kwa mtindo huru kwa sekunde 37.33. Ilikuwa rekodi ya dunia katika kundi lake, na dhahabu ya kwanza ya India katika Paralimpiki. Katika Olimpiki ile nyingine, hakuna Mhindi aliyepata dhahabu ya peke yake mpaka Abhinav Bindra, mlenga shabaha, mwaka 2008. Lakini serikali ya kwao ilimpa Petkar nishani ya Padma Shri mwaka 2018, miaka 46 baada ya Heidelberg. Mimi naona walichelewa mno.

Tangu risasi hadi medali ilipita miaka saba. Nimeitaja kwa sababu ya mama mmoja niliyemtembelea. Mwanawe wa miaka kumi na moja alikuwa ameanguka kutoka kwenye mwembe. Walimweka chumba cha nyuma, majirani wasimwone. Nilipomgeuza nikakuta kidonda juu ya matako, ngumi yangu ingeingia. Mama akaniambia, "Lakini sista, hajalalamika hata siku moja."

Asingelalamika. Hahisi. Ni macho yako, mama, yanayohisi kwa niaba yake. Mkague kila asubuhi: matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Ukiona mahali pameiva au pamekuwa peusi zaidi, pana joto au pamekuwa pagumu, usipasugue. Mwondoe asilalie hapo, kisha uje kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mkojo ukinuka vibaya, ukiwa na mawingu, au akiwa na homa, njoo pia.

Mama yule alianza kumgeuza, usiku akisaidiana na binti yake mkubwa. Nilipopita kwao mara ya mwisho, kidonda kilikuwa kimebaki kama ukucha wa kidole gumba. Nikamsimulia kijana habari za Petkar. Akaniuliza lini na yeye ataingia majini. Nikamwambia kidonda kifunge kwanza, halafu twende pamoja kwa mtaalamu wa viungo tukamwulize.