Afya ya Mwili na Akili ya Wazee: Yaliyobainika Vijijini na Wajibu wa Familia

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa kundi hilo ni asilimia 5.7 ya Watanzania. Wengi wao wanaishi vijijini, katika maeneo kama Misigiri, wilayani Iramba mkoani Singida, ambako wakulima wa alizeti na mtama hawana umri rasmi wa kustaafu. Kwao, afya ndiyo mtaji wa mwisho.

Hali ya afya ya wazee wa vijijini imechunguzwa kwa kina katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi uliohusisha watu 2,223 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulibaini kuwa takriban 7 kati ya kila 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Ugonjwa huo hauumi mwanzoni, lakini usipodhibitiwa huleta kiharusi, huharibu moyo na figo, na hudhoofisha kumbukumbu.

Utafiti mwingine katika vijiji sita vya wilaya hiyo uliwahusisha wazee 1,198. Ulionesha kuwa takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kwa kuwa wazee wengi hawakusoma shule, wataalamu waliandaa kipimo kisichohitaji kalamu: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Baadaye, wazee 34 wenye demensia walishiriki vikao vya mazungumzo na mazoezi ya akili, na uwezo wao wa kufikiri uliimarika.

Takwimu hizo ni za Hai, lakini funzo lake linaihusu kila kaya. Mzee anayepotea njia aliyoizoea, anayerudia swali lilelile au anayetangatanga usiku huweza kuwa mgonjwa. Kudhani kuwa ni uzee tu humnyima matibabu. Kudhani kuwa ni uchawi huhatarisha uhai wake, kwani katika baadhi ya maeneo nchini wazee wameuawa kwa tuhuma hizo.

Si kila usahaulifu ni demensia. Maambukizi, lishe duni, baadhi ya dawa na sonona pia huvuruga kumbukumbu, na hali hizo hutibika. Dalili za sonona ni pamoja na huzuni ya muda mrefu, kukosa usingizi, kukataa chakula na kujitenga.

Familia inashauriwa kumpeleka mzee kupimwa shinikizo la damu hata kama halalamiki, kuhakikisha hakatishi dawa anapojisikia nafuu, na kumweleza mhudumu wa afya mabadiliko ya tabia yaliyoonekana nyumbani na yalipoanza. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Asiye na kitambulisho cha matibabu aanzie ofisi ya kijiji au mtaa, na afikapo kituoni aulizie dirisha la wazee.