Rekodi za mwanzo za Mwenda Jean Bosco

Rekodi za mwanzo za Mwenda Jean Bosco ni nyimbo za gitaa ambazo mwimbaji huyo wa Katanga, kusini mwa Kongo, alirekodi kuanzia 1952, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alitunga mwenyewe, akapiga gitaa mwenyewe na kuimba mwenyewe, bila bendi nyuma yake. Maarufu kuliko zote ni “Masanga”, ikifuatiwa na “Bombalaka”.

Bosco alizaliwa 1930 huko Bunkeya, makao ya watemi wa Bayeke, ufalme ulioasisiwa na Msiri, Mnyamwezi aliyetoka Tanzania ya leo. Jina lake lingine, Mwenda wa Bayeke, linatangaza nasaba hiyo. Lakini muziki wake ni wa miji ya migodi. Kampuni ya shaba ya Union Minière ilikusanya Katanga wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Luapula na kando ya Ziwa Mweru, na katika kambi zao Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Bosco aliimba kwa Kiswahili hicho cha Katanga. Msikilizaji wa Mombasa au Unguja huenda akashangazwa na ngeli zake, ila maana haimpiti.

Aliyemrekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika na kutumia maisha yake kunasa muziki wa bara hili. Mwaka 1952, akiwa katika safari ndefu iliyopitia Kongo hadi Afrika Mashariki, alimkuta Bosco akipiga gitaa mtaani Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Tracey alitembea na jenereta, ambayo aliiweka mbali ili mngurumo wake usiingie kwenye rekodi, na maikrofoni aliishika mkononi, akiisogeza kuelekea sauti aliyotaka isikike zaidi. Kwa mpiga gitaa mmoja hakuhitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana nyuzi zinasikika karibu mno, kana kwamba msikilizaji ameketi mbele ya mpigaji.

Kinachofanyika humo si rahisi hata kidogo. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashughulikia nyuzi nene za besi, cha shahada kinachukua nyuzi nyembamba, na kila kimoja kina mwendo wake, hivi kwamba sikio linaloisikia “Masanga” mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Sauti ya juu inashuka kwa mafungu mafupi yanayorudiwarudiwa, lakini hayarudi yalivyokuwa: noti moja inachelewa, nyingine inarukwa, besi inabadili mguu. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, aliandika noti za upigaji huo na kuuchambua katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, akionyesha jinsi Bosco alivyobuni papo hapo juu ya msingi uleule. Kwa hiyo kuziita “za mwanzo” kunaweza kupotosha. Hizi si kazi za mwanafunzi anayejaribu, mtindo umeshakamilika.

Kikwazo kilikuwa santuri yenyewe. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kila upande, na wimbo ambao mpigaji angeuendeleza kadiri apendavyo ulilazimika kukoma hapo. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ilizitoa rekodi hizo kwa nembo ya Gallotone, na “Masanga” ikashinda tuzo ya Osborn iliyotolewa na African Music Society, chama alichokiasisi Tracey.

Sahani zikasafiri kuliko mwenyewe. Vijana wa Rhodesia Kaskazini, Nyasaland na magharibi ya Kenya walizisikiliza na kuiga vidole vile viwili, na upigaji wa gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, ukashika mizizi huko. Bosco aliifuata sifa yake mwaka 1959, alipokwenda Nairobi na kuimba matangazo ya dawa ya Aspro. Binamu yake Edouard Masengo, wa kikundi cha JECOKE, naye alijipatia jina Kenya. Yeye aliegemea zaidi uimbaji, na mikono ya Bosco hakuwa nayo.

Baadaye Bosco alipiga Newport, Marekani, mwaka 1969, akarekodi tena Ujerumani mwaka 1982 na Cape Town mwaka 1988. Rekodi hizo ni safi zaidi na nafasi ni kubwa zaidi, lakini zile za Jadotville zina wepesi ambao haukurudi. Alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Kanda za Tracey zimehifadhiwa katika International Library of African Music, maktaba aliyoianzisha 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.